Kizuizi Kisichojua Mjomba

Juzi Jumapili nilikuwa nje ya geti letu hapa Lucky Summer, nikipaka viatu rangi, Brayo akaja kunisalimia. Mnamjua Brayo. Ni polisi, mtoto wa marehemu jirani yangu, kijana mrefu asiyejua kutembea polepole. Akanieleza kwamba ameteuliwa kwenda nchi ya mbali kufundisha askari wa huko, ili majeshi ya kigeni yaliyojazana kule yapate kufunga virago.

"Buda, si wewe ulifanyanga hii kazi?" akaniuliza. "Nibebe nini huko?"

"Beba soksi nyingi," nikamwambia, "halafu mdomo uuache nyumbani."

Alicheka akidhani ninamtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Kwa hiyo nimekaa chini niandike, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine wa mtaa huu mliovaa sare ama mnaotamani kuivaa. Mimi ni Sajini Mutiso, mstaafu. Nitajisifu humu ndani, nawaambia mapema, na asiyependa aende akasome kitu kingine. Kazi ile tuliiweza, na watu walioiweza wana haki ya kusema.

Mkisikia habari za majeshi kuondoka katika nchi fulani, mnadhani ugumu wake ni risasi. Risasi zilikuwepo, na nilijificha nyuma ya vitu ambavyo sasa nikikumbuka haviwezi kuzuia hata jiwe. Lakini kuingia katika nchi ya watu ni rahisi. Unapandishwa ndege, unashushwa, unaambiwa kaa hapa. Ugumu ni kutoka bila nyumba kuanguka nyuma yako. Unamwachia nani? Anajua nini? Na wenye mji watamsikiliza?

Sisi tulikuwa katika mji mmoja wa nchi jirani, mji nitakaouita Visima Viwili kwa sababu hivyo ndivyo vitu viwili pekee nilivyoviona siku ya kwanza. Tulikuwa kikosi cha mataifa kadhaa. Kazi ya kundi langu ilikuwa kizuizi kwenye barabara ya kuingia sokoni: bomba refu la chuma lenye jiwe upande mmoja, kibanda cha mabati na mifuko ya mchanga. Kabla ya kizuizi kile, watu wenye silaha walikuwa wakiingia sokoni na magari, wakimaliza walichojia, wanaondoka. Soko likafa. Tulipoweka bomba letu na kuanza kupekua kila gari, mbuzi wakarudi, ngamia wakarudi, na kina mama wa maziwa wakarudi. Mji mzima ulikula kwa sababu ya bomba lile. Ndiyo maana tulipotangaza kwamba tunaondoka na kuwaachia askari wa hapo hapo, watu hawakushangilia. Walikuja kutuuliza kama tumekasirika.

Sasa niwaambie kuhusu afande Wafula, kwa maana bila yeye mngekuwa mnasoma habari za mtu mwingine. Wafula ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuwa kurutu, mtu wa magharibi mwa nchi yetu mwenye sauti ya kutikisa mabati. Mnajua jeshini kuweka mikono mfukoni ni dhambi kubwa. Utazungushwa uwanja mpaka umkumbuke mama yako. Lakini Wafula akianza kufundisha, mikono yake inaingia mfukoni na haitoki. Unahangaika na bunduki imekukwama, yeye amesimama hapo, mikono mfukoni, anakuangalia. Siku moja nilipata ujasiri nikamuuliza kwa nini.

"Nikiitoa, Mutiso," akasema, "nitakunyang'anya hiyo bunduki nikufanyie. Na nikikufanyia leo, hata ukiwa na mvi utaniita."

Nililielewa jambo hilo kwa masikio tu. Nilipofika Visima Viwili, mikono yangu ilikuwa kila mahali. Askari mwanafunzi akichelewa kushika redio, nimeshaishika mimi. Akisita kuuliza dereva swali, nimeshauliza mimi. Nilikuwa hodari kweli kweli, na kila nilivyozidi kuwa hodari ndivyo walivyozidi kuwa watazamaji. Gari likifika, dereva ananitazama mimi. Mwenye mbuzi ananitazama mimi. Hata wanafunzi wangu, kabla ya kuinua bomba, shingo zinageuka kunitafuta. Nilipenda sana kutazamwa vile. Baadaye nikaona kwamba siku nitakayopanda lori kurudi Nairobi, shingo zote zile zitageuka na hazitaona mtu, na siku hiyo hiyo soko litakuwa limekwisha. Hapo ndipo nikatia mikono mfukoni.

Na msidhani wanafunzi hawakuwa wakijifunza muda wote huo. Walijifunza sana, hata tusiyowafundisha. Kabla ya jeshi mimi nilikuwa makanga wa matatu njia ya Dandora, na tangu zamani zile mkono wangu ukimaliza na gari hulipiga bodi mara mbili, pa-pa, twende. Sikujua kama bado nafanya hivyo. Wanafunzi walidhani ni sehemu ya upekuzi. Wakimaliza kukagua lori, wanapiga pa-pa kwa heshima kubwa, uso mkavu, kama wanaapa. Wakapiga mikokoteni. Wakapiga punda. Mmoja wao, kijana mtiifu sana, alimkagua ngamia mizigo yake yote vizuri, halafu akampiga paja mara mbili. Ngamia naye akajibu. Kijana alitembea kwa kuchechemea kwa muda mrefu, na mimi nikafundisha somo jipya la nani hapigwi.

Gwaride lao ndilo lingewaua kwa kicheko. Kabla yetu walikuwa wamefundishwa na taifa moja, kabla ya hapo taifa jingine, na kila mwalimu alipofika aliwaambia wasahau ya mwenzake. Ukitoa amri ya kugeuka nyuma, wengine wanakanyaga chini kwa kishindo, wengine wanazunguka kimya kimya kama wanaotoroka kanisani, na wawili watatu wanabaki pale pale wakisubiri tafsiri. Nilikuwa tayari kuanza kuwafundisha mtindo wa nne, wetu, ulio bora kuliko yote. Sajini wao ndiye aliyenizuia.

"Afande, tuchague mmoja tu, hata ukiwa mbaya," akasema. "Hawa wasee wamechoka kuanza upya."

Ndiyo, alisema "wasee", kama kijana wa mtaani kwetu. Huyo ni Hodan, na habari hii yote ni yake. Siku ya kwanza nilipofika kizuizini, nikiwa nimejiandaa na maneno matatu ya lugha yao niliyoyakariri kwenye ndege, mwanamke mfupi mwenye kilemba cheusi chini ya kofia ya jeshi alinitazama akaniambia, "Niaje, afande? Uko fiti?" Nusura nidondoshe bunduki. Kumbe alikulia Nairobi, upande wetu huu wa Eastlands, mwendo mfupi tu kutoka nilipolelewa mimi. Wazazi wake walikufa vitani akiwa mdogo. Mjomba wake, Mzee Dirie, ndiye aliyemchukua, akavuka naye mpaka, akamsomesha Nairobi mpaka akamaliza. Mzee akarudi kwao kufanya biashara ya nafaka, na Hodan akamfuata, akajiunga na askari wa nchi yake. Kila nilichosema, yeye ndiye aliyewafasiria wenzake, na nina hakika mara nyingine alikuwa akiwapa maneno mazuri kuliko yangu.

Basi nikatia mikono mfukoni, nikamwachia Hodan kizuizi, nikasimama kando. Na hapo ndipo nilipogundua tatizo ambalo hakuna aliyenifundisha.

Siku ya soko iliyofuata, gari la kwanza lilikuwa na mzee mwenye ndevu nyekundu za hina. Vijana wakamsalimia, wakainua bomba, akapita. La pili lilikuwa la mzee mwingine. Akapita. La tatu lilikuwa na mama mmoja na mafurushi yake. Akapita. Nikamwita Hodan pembeni, nimepandwa na hasira.

"Hamkufungua hata mlango! Nimewafundisha nini miezi hii yote?"

"Umefundisha poa, afande. Lakini yule wa kwanza ni ankoo wa Koplo Abdi. Wa pili ni ankoo wangu wa mbali. Yule mama ndiye aliyewashika hawa wote wakizaliwa. Utamwambiaje mtu kama huyo ashuke umpekue kama mwizi?"

"Mimi nilikuwa nawashusha wote!"

"Kwa sababu wewe huna mjomba hapa," akasema. "Mimi ninao wote."

Nikafikiria mtaa wetu. Nikajiona nimesimama hapa Lucky Summer na bunduki, namwambia babake Brayo ashuke nimpapase mifuko. Watu wangeniita nini? Nguvu yetu yote kwenye kizuizi kile haikuwa ujuzi wala bunduki zetu nzuri. Ilikuwa ugeni wetu. Na ugeni ndicho kitu pekee ambacho hatungeweza kuwaachia tukiondoka.

Vijana, mtu akikwambia kufundisha askari ni kulenga shabaha na kufunga kamba za viatu, mwambie aje anione.

Dawa aliileta Hodan mwenyewe, na nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ameniharibia kazi. Nilifika asubuhi nikakuta jamvi limetandikwa kando ya barabara chini ya turubai, jiko la makaa linawaka, na birika kubwa limeketi juu yake. Gari la mzee likafika. Hodan hakumwambia ashuke apekuliwe. Alikwenda dirishani, akainamisha kichwa, akamkaribisha chai. Katika mji ule, ukikaribishwa chai mlangoni kwa mtu na ukakataa, umetangaza kwamba mna ugomvi. Mzee akashuka. Akaketi kwenye jamvi, akaulizwa habari za watoto, za mvua, za mguu wake unaouma. Dereva naye akapewa kikombe. Na huku nyuma Koplo Abdi na wenzake wakafungua gari, wakatazama chini ya viti, kati ya magunia, ndani ya tairi la akiba. Mzee alimaliza chai yake akarudi kwenye gari lililopekuliwa kuliko mimi nilivyowahi kupekua gari lolote, na hakuna aliyemvunjia heshima.

"Chai iwe moto sana," Hodan aliwaambia wenzake. "Ya vuguvugu mtu anaimeza mara moja anataka kwenda. Ya moto ananyonya pole pole, na nyinyi mnafanya kazi yenu."

Huo ndio ujuzi, andikeni. Sijausoma katika kitabu chochote cha mafunzo, na nimevisoma vingi.

Wiki chache zikapita, mambo yakinyooka. Halafu makao makuu wakamtuma meja mmoja kukagua kama askari wa Visima Viwili wako tayari kuachiwa. Taifa lake sitalitaja. Alishuka kwenye gari lake, akaona jamvi, akaona birika, akaona askari mwenye bunduki begani akimimina chai. Akanigeukia, uso umemwiva.

"Sajini, hiki ni kizuizi au ni hoteli?"

"Ni kizuizi, afande."

"Sijawahi kuona kizuizi cha namna hii."

"Hata mimi, afande."

Hakucheka. Aliniambia atakaa pale mpaka siku ya soko, atazame kwa macho yake. Gari moja tu likipita bila kupekuliwa, ataandika kwamba hawako tayari. Barabara itafungwa kwa vitalu vya saruji, kikosi cha kigeni kitabaki, na soko litahamishiwa mji mwingine wenye kambi kubwa. Nikamfasiria Hodan kwa Kiswahili, ingawa nadhani alikwisha kumwelewa meja kabla yangu. Alitazama upande wa soko, kina mama walikokuwa wakipanga vibuyu vya maziwa.

"Wakifunga hii njia, hawa watakula nini?" akaniuliza.

Niliwatazama nami, nikajisikia vibaya sana. Nilitaka kurudi nyumbani, sitawadanganya. Nilikuwa nimemkumbuka mke wangu na nimechoka kula vumbi. Lakini kuondoka nikiwa nimewaachia watu saruji ningekuona kama kushindwa, na mimi sipendi kushindwa.

Siku ya soko ilikuwa Alhamisi. Magari yakafika, chai ikamiminwa, upekuzi ukaenda vizuri. Meja alisimama karibu nami, akihesabu magari. Nikaanza kupumua. Halafu ikaja pikapu nyeupe, imejaa magunia, na mbele kando ya dereva ameketi Mzee Dirie, kanzu safi, fimbo katikati ya magoti. Mjomba. Si mjomba wa mbali wala wa kuitwa tu kwa heshima. Yule yule.

Hodan akamwendea, akamwinamia, akamkaribisha chai.

Mzee akasema, kwa lugha yao niliyokuwa nimeanza kuielewa, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa wenye mbuzi, "Leo ni Alhamisi. Nimefunga."

Kule wacha Mungu wengi hufunga Alhamisi. Mtu aliyefunga humlazimishi chai. Hapo hakuna ugomvi wala matusi, na hakuna la kumlaumu. Magari yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa matano ama sita, na niliona madereva wakitazamana. Mzee Dirie akipita na funga yake, wiki ijayo mji mzima utakuwa umefunga. Na asipopita, binti aliyelelewa naye atakuwa amemwaibisha njiani mbele ya watu wote.

Meja akaninong'oneza, "Nenda wewe, sajini. Wewe humjui. Mshushe."

Alikuwa sawa. Mimi ningemshusha mzee yule kwa maneno mawili, na mambo yangekwisha, na meja angeridhika kwa siku hiyo. Mikono yangu ilijikunja ndani ya mifuko mpaka nikasikia uzi ukikatika. Hodan akageuka akanitazama. Vijana wangu, katika miaka yote ya jeshi sijawahi kufanya jambo gumu kama nililofanya wakati ule, nalo ni kuangalia mbuzi. Niligeuza uso nikawatazama mbuzi kana kwamba nataka kuwanunua wote.

Niliposikia sauti ya Hodan tena, ilikuwa imebadilika. Alikuwa amempa Koplo Abdi bunduki yake. Alisema Kiswahili, kile cha Nairobi walichozungumza nyumbani kwao zamani, na alikisema kwa sauti.

"Mjomba, tangu lini wewe ukafika mlangoni kwangu na mizigo yako ikabaki kwa gari? Shuka, nikushushie."

"Siko kwako," mzee akasema. "Niko njiani."

"Hapa ndio kwangu. Hapa ndipo ninakula, hapa ndipo ninalala. Sina mlango mwingine wa kukukaribisha."

Mzee alitazama jamvi. Kisha akauliza, taratibu, "Na ukinishushia mizigo mbele ya hawa wote, watu watasema nini?"

"Watasema nimelelewa."

Sijui aliona nini usoni mwa binti yule. Alifungua mlango, akashuka, akasimama na fimbo yake. Hodan akapanda nyuma ya pikapu. Wenzake walitaka kumsaidia akawafukuza kwa mkono. Alibeba gunia la kwanza mgongoni, akaliweka kwenye jamvi taratibu, akarudi. La pili. La tatu. Jasho lilimtoka mpaka kilemba kikalowa. Kila gunia alilishika lote, juu na chini, kama mtu anayehakikisha halijatoboka. Upekuzi kamili kabisa, na yeyote aliyetazama aliona binti anamshushia mjomba mizigo.

Chini kabisa palikuwa na ngozi za mbuzi zilizokunjwa. Hodan akazikunjua. Ndani yake mlikuwa na bunduki mbili kuukuu, zimepakwa mafuta vizuri.

Meja alipiga hatua moja mbele, na mimi, mikono ikiwa bado mfukoni, nikamzuia kwa bega. Ndiyo, nilimzuia meja kwa bega. Mkitaka kunishtaki sasa mmechelewa.

"Ni za kulinda mifugo yangu," mzee akasema.

"Mifugo yako sasa nailinda mimi, mjomba. Hizi zitakaa hapa mpaka wazee wakae, waamue."

Akazitoa, akampa Koplo Abdi. Na hapa ndipo natamani mngekuwepo. Hodan alirudi kwenye jamvi, akainua gunia la kwanza, akalipandisha tena kwenye pikapu. Halafu la pili. Aliyapakia yote peke yake, akayafunga kamba, akafuta kiti cha mzee kwa shuka, akamshika mkono mpaka mzee akapanda. Ndipo akamwambia Abdi ainue bomba. Mzee Dirie alitazama mbele tu. Gari likaingia sokoni.

Hodan akaenda nyuma ya kibanda. Nikamfuata na kikombe cha maji.

"Alinibeba mgongoni, afande," akaniambia, analia. "Tukivuka mpaka. Siku mbili alinibeba mgongoni."

Nikampa maji. Mara nyingine ndilo jambo la maana kuliko yote unalojua kufanya.

Niliporudi, meja alikuwa amesimama pale pale. Aliniuliza, kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida yake, nani aliyemfundisha sajini yule. Nilijaribiwa, msione hivi. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jina langu na cheo changu.

"Mjomba wake, afande," nikasema.

Wiki iliyofuata nilikuwa na wasiwasi kuliko Hodan. Niliogopa mzee amekasirika, na kwamba ukoo mzima utagoma. Siku ya soko ikafika, na mfanyabiashara mmoja wa ngamia, mtu mkubwa mwenye wapambe, akasimamisha gari lake na kusema hashuki, hanywi chai, hashushiwi mizigo, inueni bomba. Hodan alikuwa bado anaanza kumjibu nilipomwona Mzee Dirie anakuja kwa miguu kutoka sokoni, anakanyaga vumbi na fimbo yake. Alikwenda mpaka dirishani kwa yule tajiri.

"Mimi nimeshushiwa mizigo hapa na binti yangu," akamwambia. "Wewe ni nani?"

Yule mtu alishuka haraka mpaka akasahau kiatu kimoja ndani ya gari. Kina mama wa maziwa walipiga vigelegele. Mzee Dirie akaketi kwenye jamvi, akaomba chai, akasema leo hajafunga. Tangu siku ile sikusikia tena mtu yeyote akikataa. Waliokuwa na silaha waliziacha nyumbani, kwa sababu kama mjomba hakupona, nani atapona? Kile ambacho ugeni wetu ulikifanya kwa woga, Hodan alikifanya kwa ujomba wenyewe, na chake kilikuwa imara kuliko chetu.

Hunipigia simu mpaka leo. Sasa anafundisha makurutu wa nchi yake mwenyewe, hakuna mgeni darasani, na somo la kwanza ni chai. Mara ya mwisho aliniuliza kama maji yanapatikana huku kwetu au bado tunapanga foleni na mitungi. Nikamwambia aache maswali ya kuumiza.

Meja aliandika ripoti yake. Sikuiona, lakini saruji haikuja, na tarehe yetu ya kuondoka ilikuja. Asubuhi ile malori yetu yalipanga mstari kutoka kambini kuelekea barabarani, kamanda wetu mbele. Tulipofika kizuizini, bomba lilikuwa chini. Kamanda akapiga honi. Bomba halikusogea. Hodan akaja dirishani kwake, akapiga saluti safi, akamkaribisha chai.

Kamanda akatazama saa yake. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshashuka kitambo, nimekwisha kuketi kwenye jamvi na viatu vyangu kando.

Walitushusha sote, maafisa na wapishi. Walitupa chai ya moto kweli kweli, ile ya kunyonya pole pole, na huku Koplo Abdi na vijana wake wakafungua malori yetu moja baada ya jingine, wakatazama chini ya viti, ndani ya masanduku, ndani ya begi langu mimi lenye soksi. Askari mwenzangu alinung'unika kwamba ni dharau kupekuliwa na watu tuliowalinda muda wote huu. Nilimwambia anyamaze, anywe. Nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya kumfanya mtu mzima aanze kupepesa macho, nikasingizia moshi wa makaa.

Tukaagana kwa mikono. Hodan alikuwa na haraka, kwa sababu ilikuwa siku ya soko na magari yalikuwa yanakusanyika upande wa pili. Tukapanda. Bomba likainuka, lori letu likapita, na nyuma yetu nikalisikia likishuka kwenye mhimili wake, chuma kwa chuma. Nikatoa kichwa nje kumpungia mkono kwa mara ya mwisho. Hodan hakunitazama, wala Abdi, wala yeyote kati yao. Alikuwa ameinama kwenye dirisha la lori la mbuzi, anamkaribisha dereva. Nikapiga kelele ya furaha peke yangu, kelele kubwa, mpaka dereva wetu akasimamisha lori kuniuliza kama nimeumwa na nge.